Ukuta wa Wawili

Foleni ya samaki katika soko la Jumamosi mjini Gouda si mahali pa kukutana na mtu mnayesemezana naye kupitia mawakili. Jorinde alikuwa ameshika samaki wake mkiani, akimshusha kinywani mzima kama desturi ya huko, vitunguu vikimdondokea kwenye koti la mvua la manjano, aliposikia sauti nyuma yake.

"Bado unakula kama shakwe, jirani."

Hakuhitaji kugeuka. Sybren. Miaka ilikuwa imepita tangu waachane, lakini alipogeuka aliona sweta ni lile lile la bluu, lenye viraka vya ngozi viwikoni.

"Na wewe bado unavaa matambara. Kwa nini hukutia sahihi?"

"Meza kwanza, utapaliwa."

"Nyumba yangu inazama, Sybren!"

"Na yangu pia, mpenzi. Tunazama pamoja."

"Usiniite mpenzi."

Jorinde akaondoka na hasira zake.

Nyumba zao zilishikana kwa ukuta mmoja, juu ya nguzo za msonobari zilizokitwa topeni tangu enzi za mababu. Nguzo ikikaa majini haiozi. Ikipata hewa, imekwisha. Mkaguzi alikuwa amechimba shimo chini ya nyumba ambayo Jorinde aliachiwa na mama yake, akachoma nguzo kwa bisibisi, nayo ikazama kama kwenye keki. Ulihitajika msingi mpya kabla ya majira ya baridi. La sivyo, angemuuzia mnunuzi aliyekuwa akingoja jibu, kwa bei ya kiwanja kitupu.

Lakini ukuta wa wawili hauguswi na fundi bila sahihi za wawili. Jorinde alipeleka mpango wake: nyumba zitenganishwe kwa msumeno, toka paa hadi chini, ujengwe ukuta wa pili, na kila mtu asimame kivyake. Sybren akakataa bila maelezo. Jorinde akaona ni kisasi, kwa kuwa yeye ndiye aliyemwacha Sybren na kuhamia mji wa mbali wa Groningen kwa ajili ya kazi.

Jumatatu asubuhi simu ikalia.

"Shuka chumba cha chini. Mimi nipo upande wangu."

"Tangu lini unaniamrisha?"

"Tangu zamani. Ila zamani ulikuwa unasikia."

Akashuka na mabuti yake. Chumba kilinukia udongo na matofaa ya kale. Maji meusi yalitulia sakafuni.

"Mbona pamejaa maji?"

"Nimezima pampu. Unakumbuka nani aliyeifunga?"

Alikumbuka. Kiangazi kile mama yake alikohoa kwa sababu ya unyevu. Yeye na Sybren walifunga pampu wenyewe, magoti topeni, wakicheka, wakakausha vyumba vyote viwili. Mama akawashushia chapati za maji na shira, wakala wamekaa sakafuni, wakiusifu ukavu. Hakuna aliyezikumbuka nguzo zilizobaki hewani. Usiku wakagongeana ukutani, huyu huku, yule kule, kabla ya kulala.

"Tuliziua sisi," Jorinde akasema.

"Basi tuzitengeneze sisi. Bamba moja la zege chini ya nyumba zote mbili. Nimeuliza, ni nafuu kuliko msumeno."

"Msingi ukiwa mmoja, sitaweza kuuza bila wewe."

"Hutaweza."

"Sybren, hii ni posa au ni ujenzi?"

Tone likadondoka mahali fulani gizani.

"Mhandisi anasema bamba hudumu miaka mia."

"Sikumuuliza mhandisi. Nimekuuliza wewe."

"Ni posa. Sikutia sahihi kwa sababu ukuta huo ndio kitu pekee tulichobaki nacho wote wawili. Ningeukataje?"

Jorinde akakata simu. Kuzungumza kwa simu na mtu aliye nyuma ya tofali ni upotevu wa pesa. Akakunja ngumi, akagonga.

Chokaa kidogo ikaanguka majini. Upande wa pili zikasikika hatua zikipanda ngazi. Akangoja mpaka kengele ya mlango wa mbele ikalia juu.

Alipanda na mabuti yake yaliyolowa. Sakafu ya ujia, iliyokuwa imeinama kuelekea kwa Sybren muda wote huo, ikamrahisishia mwendo hadi mlangoni.