Mlinzi Aliyezimwa

Maiti ya dereva mstaafu ilikutwa sebuleni kwake, simu ingali mkononi. Alikuwa ameomba gari mara nne kupitia programu ya kituo cha magari ya wagonjwa. Hakujibiwa hata mara moja.

"Moyo," alisema daktari wa polisi. "Angewahiwa, angepona."

Inspekta alikwenda kituoni. Msimamizi wa zamu, mama wa makamo, alikuwa ameketi wima kana kwamba keshafungwa pingu. Kwa siku mbili wakuu wake walikuwa wakimwita mzembe, na barua ya kumfukuza ilikuwa njiani.

"Kioo cha kompyuta kilikuwa kimya, nikadhani mchana umetulia," alisema. "Muulize fundi wa seva. Mtoto wa dada yangu, nimemlea mwenyewe. Huyo hasemi uongo."

Fundi aliitwa, akaingia akitabasamu.

"Juzi saa tisa mchana ulikuwa wapi?"

"Chumba cha seva, afande."

"Programu ikaanguka usione?"

"Mtambo umezeeka. Programu huanguka."

Hapo alisema kweli. Huanguka kila mahali, ndiyo maana seva, kompyuta inayoziendesha, huwekewa mlinzi, programu ndogo ya kuiinua iliyoanguka kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Inspekta alipekua kumbukumbu za seva. Mlinzi alizimwa wiki tatu nyuma, kwa amri iliyotoka kwenye akaunti ya fundi. Tangu hapo programu ilianguka mara sita. Mara tano fundi aliiinua kwa mkono, akapigiwa makofi.

"Na mara ya sita? Nywele zako zimenyolewa juzi juzi tu. Kinyozi wako atanitajia saa, au unitajie wewe?"

Fundi alijipapasa kisogo. Tabasamu likamtoka.

"Saa tisa. Simu niliizima. Afande, mtambo ulijiendesha miezi minane bila mimi. Nikasikia wanataka kunipunguza. Nilitaka waone nina kazi. Sikutaka mtu afe."

"Siku mbili mama yako mdogo anabebeshwa maiti yako, wewe kimya!"

Msimamizi alikuwa mlangoni, amesikia yote. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nguo hii aliishona mwenyewe. Hakulia, na Inspekta aliumia zaidi kuliko kama angelia.

"Mama mdogo, niombee kwa wakuu."

"Nilishakuombea." Aliingia hadi mezani kwake, akavuta droo, akatoa bahasha. "Mkataba wako mpya. Wametia saini Jumatatu. Nilikuwa nangoja kesho, siku uliyozaliwa."

Bahasha akampa Inspekta.