Mtoto Mwenye Kichwa cha Mbuzi

Bibiana alikuwa akipepeta mpunga uani kwake, Katindiuka. Mwanawe Edna alitambaa kando ya jamvi. Mara wifi yake, Merina, akaingia anahema.

"Wifi, kesho usimpeleke Edna kwenye chanjo ya surua! Tazama!"

Akatoa picha. Mtoto amekaa kitako, lakini kichwa ni cha mbuzi.

"Wanasema alichomwa sindano huko Kiberege, akageuka. Mpelekee Telesphory atoe nakala, tuwaonye wenzetu."

Bibiana alimfunga Edna mgongoni, akaenda mjini Ifakara kwa Telesphory, mpiga picha.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Mama Edna."

Telesphory aliigeuzageuza picha ile. "Nani aliipiga?"

"Sijui."

"Mtoto anaitwa nani? Wazazi wake ni akina nani?"

Bibiana akatikisa kichwa.

"Haya, tazama. Mwili umepigwa na jua kutoka kushoto. Kichwa, kutoka kulia. Siku hiyo yaliwaka majua mawili? Njoo nikuonyeshe."

Alimwingiza chumba cha giza, akawasha taa nyekundu. Alichukua negativu, kipande cha filamu, ya picha aliyompiga Edna siku ya ubatizo, akaimulika juu ya karatasi ya picha huku amekinga sehemu ya kichwa cha mtoto kwa kipande cha boksi. Kisha akamulika negativu ya mbuzi, kichwa tu. Karatasi ilibaki nyeupe. Akaitumbukiza kwenye beseni la dawa ya kusafishia picha.

Bibiana aliinama. Kikatokea kivuli chepesi kama moshi. Kikawa gauni. Vikaja vidole vidogo. Halafu, polepole, pembe.

Alishtuka, akarudi nyuma. "Mungu wangu! Ni Edna wangu!"

Akapeleka mkono nyuma, akapapasa shavu la mwanawe. Lilikuwa laini, lenye joto.

"Nimeitengeneza mbele ya macho yako, na bado umeshtuka," Telesphory alisema taratibu. "Je, yule ambaye hakuona ikitengenezwa?"

"Nipe hiyo," Bibiana alisema. "Nikamwonyeshe wifi."

Asubuhi, akielekea kliniki, alipita kwa Merina, akampa picha na kumweleza yote. Merina aliikodolea macho. Akamtazama Edna, akaitazama tena.

"Nisubiri," alisema. "Nimbebe mwanangu Hermenegildi, twende wote."

Masika yalipoanza, surua ikaingia kijijini. Watoto wengi ambao hawakuchanjwa waliugua vibaya. Edna na Hermenegildi walikuwa nje, wanapigapiga matope na kucheka. Bibiana alisimama mlangoni akiwatazama.