Kadi ya Pumzi za Benard

"Mimi nikiwa zamu, usingizi ukiniona huvuka barabara."

Hayo aliyasema Inspekta Makame asubuhi, kifua mbele, akiitia kadi ya Benard kwenye droo ya meza yake.

"Droo haina kufuli, Inspekta," Benard alimwambia.

"Kufuli ni mimi."

Alasiri droo ilikuwa wazi na kadi haipo.

Makame alistaafu upolisi Unguja, akaja Doha kuongoza upelelezi wa kampuni ya ulinzi. Cheo alikiacha nyumbani, lakini watu walimwita Inspekta, naye hakuona sababu ya kuwakatisha tamaa. Ofisi yake ilikuwa chini ya jengo la mtaa wa Najma walimolala walinzi. Mlango mmoja, na kiti chake kikiutazama. Tangu ale wali wake wa mchana hakuondoka. Hakufumba jicho. Basi nani kapita? Jini?

Kitu kimoja kilimkera kidogo. Tasbihi yake ilikuwa imening'inia kwenye mshikio wa droo, na hakukumbuka kuitundika hapo. Akairudisha mfukoni, akaendelea na mambo ya maana.

Benard aliingia akitoka zamu ya Lusail, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Nipe kadi. Mwenzetu Charity anaipitia kwa teksi akienda uwanja wa ndege. Anaruka Nairobi jioni hii."

"Kaa kwanza, bwana."

Benard hakukaa. Aliutazama uso wa Inspekta, kisha droo.

"Imeibiwa," alisema. Hakuuliza.

Kadi yenyewe haikuzidi ukucha wa kidole gumba. Ilitoka kwenye mashine inayompulizia Benard hewa puani akilala. Zamani akiwa mwanajeshi, bomu lilimvunja pua na taya. Tangu hapo pumzi humkatika usingizini, akashtuka kama mtu anayezama. Aliomba malipo ya ulemavu, akajibiwa kwamba kukoroma si jeraha. Akakata rufaa. Sasa baraza la rufaa la Nairobi lilitaka ushahidi, na ushahidi ni kadi, maana ndiyo inayoandika kila pumzi inapokatika. Isipofika kabla ya kikao, faili linafungwa.

"Nani alijua kadi iko kwangu?" Makame aliuliza.

"Jengo zima. Wewe ndiye uliyetangaza."

Makame alikohoa. "Una adui?"

"Nilikuwa nao. Mkoromaji hana rafiki. Lakini tangu nipate mashine wanalala, wananipenda."

"Nani yuko chumbani mchana?"

"Kevin peke yake. Analinda shamba kule Umm Salal usiku. Kitanda chetu ni kimoja, zamu mbili. Nikitoka anaingia."

Walipanda ngazi. Kevin alikuwa ameketi kitandani, ndiyo kwanza anaamka, anatafuta soksi.

"Umetoka humu leo?"

"Hapana, sir. Nimelala kama gunia."

"Kadi umeiona?"

"Kadi gani?"

Makame alimsogelea. Kwenye mashavu ya Kevin kulikuwa na mistari miwili, mmoja kila upande, imebonyea kutoka puani kuelekea masikioni. Asubuhi hiyo Benard alipoleta kadi, alikuwa na mistari ile ile. Ni alama za mikanda ya kifuniko cha pua cha mashine.

"Mwenye mashine alikuwa kazini tangu asubuhi," Makame alisema polepole. "Wewe mashavu yako yamefungwa na nani?"

Kevin alishika shavu. Alichelewa.

"Toa kadi, mwanangu."

Ilikuwa nyuma ya simu yake, chini ya kava. Makame aliitia kwenye mfuko wa plastiki kama kielelezo, akawashusha wote wawili ofisini.

"Kwa nini?"

"Mimi pia pumzi hukatika." Kevin alikuwa anaangalia sakafu. "Mchana nilikuwa natumia mashine yake. Kadi inaandika hiyo pia. Daktari angeona mtu analala usiku na mchana, angeuliza, wangefika kwangu. Mlinzi mgonjwa wa usingizi, nani atamfanyia kibali cha kazi tena? Ni mimi nalisha watu Kitale, sir. Bila kadi mashine inapuliza tu, haisemi kitu."

"Ungeniambia," Benard alisema.

"Ungeninyima."

"Ningekwambia uoshe kifuniko, ng'ombe wewe! Kila usiku kinanuka sigara, nikidhani ni vumbi la Lusail." Akakinyoshea kidole kimfuko cha plastiki. "Miaka yangu yote iko kwenye hicho kikadi, Kevin."

Kisha akamgeukia Makame. "Inspekta, andika maelezo. Pumzi za usiku ni zangu, za mchana ni zake, na kadi ilitoka kwako ikarudi kwako hivi na hivi. Tia sahihi, Charity abebe vyote."

Makame akachukua kalamu, akawa anaandika huku akisoma kwa sauti: "Mtuhumiwa aliingia ofisini wakati Inspekta amekwenda kuswali..."

"Hukuwa umeenda kuswali, sir," Kevin alisema.

"Nilikuwa wapi?"

"Kwa kiti. Umelala."

"Kijana! Wizi haujakutosha, unaongeza na matusi?"

"Ulikuwa unakoroma, nikasema poa, huyu hatanisikia. Nikatoa kadi. Halafu ukanyamaza. Mdomo wazi, kifua hakisongi. Hiyo kimya naijua, sir. Ningejiendea. Lakini nilikugeuza kichwa upande, ukavuta hewa kama mtu ametolewa majini. Na hukuamka. Tasbihi ilikuwa imeanguka chini, sikutaka ikanyagwe, nikaitundika kwa droo."

Mkono wa Makame ulikwenda mfukoni wenyewe, ukaikuta tasbihi, ukabaki humo humo.

Benard hakucheka, ingawa siku nyingine angecheka mpaka Lusail wamsikie.

"Futa hiyo ya kuswali, Inspekta," alisema. "Rufaa yangu yote ni nani alilala na nani hakupumua. Usiitie uongo."

Nje honi ya teksi ya Charity ililia. Makame akaipitishia mstari sala ambayo hakuiswali, akaandika juu yake neno moja: *amelala*. Akatia sahihi. Kisha akamtazama Kevin, na sauti haikuwa tena ya kufuli.

"Nilinyamaza sana?"

"Mpaka nikaanza kukuombea, sir."