Swali la Tatu

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya mstari, wanachama wa klabu ya kompyuta walisimama mbele ya ukuta. Viti vilikuwepo, lakini Mwalimu Kabera alikataza kukaa. "Mtu akikaa, anahutubia," alisema. Basi walisimama, na kila mmoja alijibu maswali matatu: Jana ulifanya nini? Leo utafanya nini? Na nini kinakuzuia?

Kaliza, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa na jibu lilelile kwa swali la tatu.

"Hakuna, Mwalimu."

"Safi," alisema Mwalimu Kabera, akamgeukia mwingine.

Haikuwa kweli hata kidogo. Lakini mtoto anayejibu "hakuna" hupendwa upesi. Wakubwa wengi hawaulizi mara ya pili. Jibu limewafurahisha, yamekwisha. Punda asiyepiga teke ndiye anayeongezewa gunia. Ilikuwa hivyo zamani, na ni hivyo leo, hata penye kompyuta.

Shule yao iko mtaa wa Kagarama, na klabu ilikuwa inatengeneza programu ya shule nzima. Walijigawa katika timu tatu. Timu ya Lango, iliyoongozwa na Umuhoza, ilishughulikia wanaofika asubuhi. Timu ya Basi, ya Sangwa, iliwajulisha wazazi mtoto wao amepanda basi gani. Timu ya Jiko, ya Hirwa, ilimwonyesha mpishi nani anakula na nani ana chakula kisichomfaa.

Timu zote tatu zilitumia orodha moja ya wanafunzi. Ili isiharibiwe, Mwalimu Kabera alimpa mtu mmoja tu neno la siri la kuifungua. Mtu huyo alikuwa Kaliza. Kila timu ilipotaka kitu kiongezwe katika orodha, ilimwandikia karatasi na kuibandika ukutani chini ya neno "Inasubiri". Akianza kazi, karatasi ilihamia chini ya "Inafanywa". Akimaliza, ilikwenda "Imekwisha". Karatasi za kawaida zilikuwa njano. Nyekundu ilikuwa ya jambo la haraka.

Mwanzoni nyekundu zilikuwa chache. Kisha Sangwa akagundua kwamba nyekundu inashughulikiwa kwanza, akaanza kubandika nyekundu tupu. Umuhoza akaona, naye akabandika nyekundu. Hirwa hakutaka kuachwa nyuma. Nyekundu zilipokwisha dukani, Sangwa alichukua zile za njano na kuzipaka kalamu.

"Sha, ndugu yangu, hizi si nyekundu," Kaliza alimwambia. "Hizi ni njano zenye surua."

"Cheka tu," Sangwa akajibu. "Ijumaa ni siku ya wazazi. Mabasi yangu yasipokuwa na rangi na picha za vituo, nitasema ni nani aliyetuchelewesha. Nitakutaja kwa jina."

Kaliza alikaa akiupa ukuta mgongo. Mbele yake kulikuwa na dirisha lenye nondo, nyuma yake karatasi nyekundu kutoka juu hadi chini. Aliandika kidogo kazi ya Lango, akavutwa kwenye Basi, akarudishwa kwenye Lango. Hakumaliza hata moja. Alitamani kumwuliza Mwalimu aanze na ipi, lakini Umuhoza alikuwa amemnong'oneza kwamba Mwalimu ameshaamua: Lango kwanza. Sangwa naye aliapa kwamba Mwalimu amesema Basi. Kaliza aliona kwamba akiuliza, mmoja wao ataonekana mwongo, na yeye ataonekana mchongezi. Akanyamaza.

Alhamisi mchana Hirwa alisimama kando ya kiti chake. Hirwa hakuwa mtu wa kelele.

"Kaliza, ile ya vyakula vilivyokatazwa imefika wapi? Kuna Uwimana wa darasa la nne. Akila karanga, midomo inavimba na koo linaziba. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa jikoni, lakini leo mlango umepakwa rangi kwa ajili ya wageni. Na mpishi mwenyewe ni mgeni, ana siku chache tu. Anategemea programu yetu."

"Hiyo ni dakika chache tu," alisema Kaliza.

"Kaliza!" Sangwa akaita kutoka kona ya pili. "Vituo vyangu vimepotea tena!"

Kaliza alisimama, akaichukua karatasi ya Jiko kutoka "Inasubiri", akaibandika chini ya "Imekwisha". Mkono wake ulifanya hivyo kabla moyo haujakubali. Nitaimaliza kesho asubuhi, alijiambia, na hakuna atakayejua.

"Oh, umemaliza? Asante sana!" Hirwa akasema, akaondoka anatabasamu. Kaliza akaenda kwa Sangwa.

Ijumaa asubuhi kompyuta ya Lango iligoma na wazazi walikuwa wameshaanza kuingia. Umuhoza alimvuta Kaliza mkono hadi getini. Walipomaliza, kengele ya kuingia ukumbini ilikuwa imelia, na kazi ya Jiko haijaguswa.

Ukumbi ulijaa. Kaliza aliketi katikati ya safu, amebanwa kati ya mama yake, Connie, na mzee mmoja aliyevaa koti zito. Mbele, Sangwa alionyesha mabasi yake ya kijani na bluu, na wazazi wakapiga makofi. Mwalimu Kabera alisimama kando ameunganisha mikono, amejaa furaha.

Kupitia dirishani Kaliza aliiona baraza ya jikoni. Madarasa ya chini yalikuwa yamepanga foleni ya chakula. Hirwa alisimama penye sufuria ameshika kishikwambi, akisoma jina na kumwambia mpishi, Mama Épiphanie, ampakulie. Siku hiyo walipika isombe, majani ya muhogo. Na isombe ya shule ile ilipikwa kwa karanga.

Uwimana alikuwa wa tatu katika foleni.

Kaliza alijua kishikwambi kinaonyesha nini. Mbele ya jina la Uwimana palitakiwa kuwa na alama nyekundu. Hapakuwa na kitu.

Alitaka kutoka, lakini njia ilizibwa na magoti ya watu kulia na kushoto. Akisema, wazazi wote watajua. Mama atajua. Asiposema... Uwimana alikuwa wa pili. Labda atakumbuka mwenyewe. Labda Hirwa atakumbuka. Uwimana akafika mbele. Hirwa alimtazama, akakitazama kishikwambi, akasita. Kisha akaiamini karatasi iliyosema imekwisha: alama haipo, basi mpishi huyu mgeni hakutia karanga. Sahani ikatoka.

"Kaa vizuri, mwanangu," mama yake alinong'ona. "Una nini?"

Kaliza alipanda juu ya kiti.

"Hirwa!" alipiga kelele dirishani. "Mnyang'anye Uwimana sahani! Ya Jiko haijakwisha! Nilidanganya!"

Makofi yakakatika. Nje, Uwimana alikuwa ameshainua kijiko. Hirwa alikipiga kijiko kikaruka hadi kwenye maua, na Uwimana, asiyejua kosa lake, akaanza kulia.

"Hajala," Mama Épiphanie alisema kwa sauti huku akimfuta mikono. "Mungu mkubwa, hajala. Njoo, nina wali na maharage."

Baada ya wageni kuondoka, Mwalimu, viongozi wa timu, Kaliza na mama yake walikutana kwenye chumba cha kompyuta. Mwalimu Kabera alikuwa amekunja uso.

"Umetuaibisha, Kaliza. Kila asubuhi nakuuliza nini kinakuzuia, unasema hakuna. Kwa nini hukuanza na Jiko?"

Aliyejibu ni Sangwa, naye alisema kwa mshangao wa kweli:

"Lakini Mwalimu, uliniambia Basi ndiyo ya kwanza."

"Mimi uliniambia Lango," alisema Umuhoza.

Hirwa akakohoa. "Mimi uliniambia Jiko. Ukasema nisiwaambie wengine."

Wote watatu wakamgeukia Mwalimu.

Connie, mama yake Kaliza, alisimama. Alikulia Tanzania, na sasa alikuwa akipanga malori katika ghala moja huko Gikondo. Hakupandisha sauti.

"Mwalimu, kwa heshima yako, niruhusu. Binti yangu amesema uongo, na uongo wake ungeweza kumuua mtoto wa mwenzangu. Ataomba radhi kwa Uwimana na kwa wazazi wake. Wiki nzima atasimama jikoni kusoma majina, na mimi nitapita kuhakikisha. Hilo ni langu." Akavuta pumzi. "Lakini ghalani kwetu mlango ni mmoja. Kila dereva anakuja na mzigo wake wa haraka. Siku nikiwaambia wote kwa siri, 'wewe ndiye wa kwanza', malori matatu yatabanana mlangoni, na atakayelaumiwa ni mlango. Nimeona mambo hayo tangu nikiwa mdogo kama hawa. Mkubwa anaogopa kumwambia mtu 'wewe subiri', na bei ya woga wake inalipwa na mdogo."

Mwalimu Kabera alikaa. Kwa mara ya kwanza, kila mtu alimwona ameketi mbele ya ule ukuta.

"Mama Kaliza, umesema kweli," alisema taratibu. "Nilitaka kila timu inipende."

Jumatatu asubuhi ukutani palikuwa na karatasi moja tu nyekundu, juu kabisa: Jiko. Zilizobaki zilikuwa za njano, zimepangwa moja chini ya nyingine.

"Jiko kwanza, kwa sababu linahusu uhai," Mwalimu Kabera alisema mbele ya wote. "Kisha Lango. Basi itasubiri."

"Hata rangi, Mwalimu?" Sangwa akauliza.

"Hasa rangi. Na Hirwa na Umuhoza watafundishwa kufungua orodha, ili mtu mmoja asiwe mlango wa shule nzima." Akawatazama mmoja mmoja. "Sikilizeni vizuri. Anayepanga kazi ana wajibu wa kusema hadharani ipi inatangulia na ipi inangoja. Na anayeifanya ana wajibu wa kusema amefika wapi, hata kama jibu halipendezi. Kusema 'nimelemewa' si aibu. Aibu ni kusema 'imekwisha' na haijakwisha."

Kisha yakaja maswali. Kaliza alijibu la kwanza na la pili.

"Na nini kinakuzuia?"

"Kuna mambo mawili, Mwalimu."

Mwalimu Kabera alikuwa ameshaanza kumgeukia mwingine. Akarudi, akavuta kiti.

"Haya," alisema. "Anza na la kwanza."