Nani Alifuta Sehemu ya Nane?

Saa kumi na dakika ishirini alasiri, Alamin alifungua kompyuta ya ukumbi wake wa video mtaani Shella, Malindi, akapiga ukelele. Sehemu saba za tamthilia ya wezi wa dhahabu zilikuwepo. Ya nane, ya mwisho, iliyongojwa wiki nzima, ilikuwa imefutwa.

"Ni Thoya!" akasema. Thoya alikuwa akikaanga viazi karai mlangoni, na jana alitangaza mbele za watu kwamba tamthilia ile ni upuzi, bora mpira. "Aondoe karai lake hapa leo hii!"

Thoya aliingia mbio, mwiko mkononi. Mlango ule ndio uliomlisha yeye na wanawe.

Bi Raiya, karani mstaafu wa mahakama, alikuwa ameketi kiti cha mbele, daftari mapajani. Humo aliandika uzuri na udhaifu wa kila sehemu, na hakuna aliyethubutu kumwuliza kwa nini.

"Alamin mwanangu, nani aliingia humu leo?"

"Gladys huyu alifagia. Kombe akaja saa saba kuipitia sehemu ya leo. Thoya yupo hapo tangu saa sita."

Kombe, aliyesimama kando ya skrini, ndiye aliyeshika kipaza sauti kila jioni na kuwaeleza watazamaji kwa Kiswahili maneno ya kigeni ya kwenye skrini.

Bi Raiya aliinama juu ya kompyuta. Vibonye vilikuwa safi. Akavitazama vidole vya Thoya, vya manjano kwa unga na bizari hadi kwenye kucha.

"Huyu angeacha alama. Tena anayeichukia tamthilia angefuta zote. Gladys, nawe?"

"Mimi, Bi Raiya? Tangu yule mlinzi wa dhahabu afe sehemu ya sita, sitaki hata kuiona. Nililia siku mbili!"

Bi Raiya akafungua daftari, akasoma taratibu. "Sehemu ya kwanza, uzuri: mpango wa wizi umefumwa barabara, kila mwizi na kazi yake. Sehemu ya sita, udhaifu: mtu asema maneno matatu, Kombe aeleza dakika mbili. Mlinzi afa bila damu, bila maziko, wala mkewe halii." Akainua macho. "Niliwalaumu waliotunga, kumbe nawasingizia. Kombe, yule mlinzi alikufa?"

Kombe akajifuta jasho. "Alilala tu, Bi Raiya. Sehemu ile ilidorora, watu wapiga miayo, wengine watoka. Nikamuua kwenye kipaza sauti. Ukumbi mzima ukalia! Leo naifungua ya nane, namkuta mzima, acheza harusini kwa bintiye. Ningeuficha wapi uso wangu?"

"Ukaona bora afukuzwe Thoya?"

Kombe aliona haya, na alistahili. "Ninayo kwenye simu," akanong'ona. "Sikuweza kuipoteza."

"Basi utayasema haya mwenyewe, mbele yao wote."

Saa moja na nusu jioni, ukumbi ukiwa umefurika, Kombe alisimama. "Thoya hakugusa kitu. Mwizi wa sehemu ya nane ni mimi. Na mlinzi hakufa, nilimuua mimi." Wakamzomea hadi bati likatetema, kisha sehemu ya nane ikaanza.

Alamin alikuwa mlangoni, akilirudisha karai la Thoya juu ya jiko kwa mikono yake. "Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuonea."

Kabla Thoya hajajibu, mlinzi alitokea kwenye skrini na ndani kukalipuka vigelegele, vya Gladys vikiwa juu ya vyote.

"Nimekusamehe," Thoya akasema. "Sasa shika mwiko huu ukaange wewe. Nataka nami nikamwone huyo marehemu."