Vema Tano za Chapuchapu

Kila Ijumaa baada ya masomo, Chapuchapu alipitia kwa shangazi yake kabla ya kwenda nyumbani. Shangazi alikuwa mpiga picha za filamu, na chumba chake cha kazi kilijaa masanduku meusi, nyaya, na vitambaa laini vya kufutia lenzi. Kazi ya msichana huyu ilikuwa kufagia, kuchaji betri na kuandika daftari la vifaa. Jina la Chapuchapu hakupewa na mama yake. Alilipata darasani, kwa kuwa alimaliza kila zoezi kabla ya wenzake, hata lile ambalo ingefaa alianze upya.

Ijumaa hiyo alikuta lenzi tatu nzito mezani, zimepangwa kwa urefu.

"Umezipata, shangazi?"

"Nimezipata, baada ya kuzunguka juma zima kwa wakodishaji," alijibu shangazi. "Hizi ni lenzi za sinema, na hazivuti. Ukitaka mtu aonekane karibu, unasogea kwa miguu yako."

"Si ungechukua inayovuta, miguu ipumzike?"

Shangazi alicheka, kisha uso wake ukabadilika. "Zinazovuta nilizoziona hazipokei mwanga wa kutosha. Kesho tunapiga picha kwenye karakana ya kioo, na mle ndani mwanga ni moto wa tanuru tu. Tanuru hilo fundi amelitunza miaka thelathini na minane. Kesho saa kumi alasiri, mkataba wake wa gesi unapoisha, linazimwa, na haliwashwi tena. Chombo cha mwisho cha kioo atakipuliza kwa bomba mara moja tu. Hatuwezi kumwambia, 'Mzee, rudia.'"

Chapuchapu alitikisa kichwa kuonyesha kwamba ameelewa.

"Sasa nisikilize vizuri. Kamera yangu hii ina kihisi kikubwa. Kihisi ni kile kibao cha ndani kinachopokea picha. Lenzi nyingine zimetengenezwa kwa kihisi kidogo. Ukizifunga kwenye kamera hii, katikati panatoka safi lakini pembe zinakuwa nyeusi. Mwenye duka la kukodisha ameapa kwamba zote tatu zinafaa, ila maneno ya mwenye duka si kipimo. Piga picha ule ukuta wa matofali kwa kila lenzi. Ikuze picha, utazame katikati, kisha pembe zote nne. Kila palipo sawa, weka alama ya vema. Vema tano kwa kila lenzi, umenielewa?"

"Nimekuelewa, shangazi."

Shangazi akatoka kwenda kuonana na fundi wa kioo. Chapuchapu akaanza kazi, na kusema kweli alianza vizuri. Lenzi ndefu aliikagua pembe kwa pembe mpaka macho yakamuuma. Lenzi ya kati nayo aliikagua vivyo hivyo. Alipofunga ile fupi, lenzi ya upana, filimbi ikalia kwenye uwanja wa jirani. Mpira wa pete ulikuwa unaanza, na yeye ndiye mfungaji.

Akapiga picha moja. Akaikuza katikati, akaona matofali yamekaa wazi, hata nyufa zinahesabika. Kwenye pembe hakwenda. Aliandika vema tano mfululizo, akafunga daftari, akatimua mbio. Timu yake ilishinda, na usiku alilala usingizi mtamu.

Asubuhi iliyofuata utamu ulianza kumtoka. Waliingia karakanani saa tatu: shangazi, kijana wa kurekodi sauti, na Chapuchapu. Karakana ilikuwa chumba kidogo chenye kuta nyeusi kwa moshi, dirisha moja la nondo lililotazama uchochoro usiofikiwa na jua, na tanuru lililonguruma kwenye kona. Fundi wa kioo, mzee mfupi mwenye mikono ya makovu, aliwakaribisha kwa kuwaonya wasiguse kitu.

"Humu hata kivuli kinaungua," alisema, na yule kijana wa sauti akavuta kivuli chake nyuma haraka. Wote wakacheka.

Shangazi alipanga kazi. "Asubuhi tunatumia lenzi ndefu kwa mikono na uso wa mzee. Mchana ile ya kati. Saa kumi kasorobo tunafunga ya upana, kwa sababu chumba ni kidogo, nami nataka mzee na mdomo wa tanuru waonekane pamoja moto unapozimwa. Hiyo ndiyo picha yenyewe. Nyingine zote ni za kuisindikiza hiyo."

"Ya upana umeijaribu?" aliuliza kijana wa sauti.

"Amejaribu Chapu. Vema tano."

Chapuchapu aligeuka, akajifanya anakunja nyaya. Alijiambia kwamba mwenye duka ameapa. Alijiambia kwamba lenzi mbili zilikuwa nzima, basi ya tatu itakosaje? Lakini kila saa ilivyosogea, ndivyo yale maneno yalivyozidi kukosa nguvu. Saa sita ilipita. Saa saba ikapita. Kijasho chembamba kilimtoka, na hakikuwa cha tanuru peke yake.

Saa nane wengine walitoka nje kula. Chapuchapu alisema hana njaa, na hapo alisema kweli. Alibaki na kamera, iliyosimama juu ya miguu yake mitatu. Akaifungua lenzi ya kati, akafunga ya upana, akaizungusha mpaka ikalia *tak*. Akatazama kwenye kioo cha kamera.

Ilikuwa kama kuchungulia ndani ya bomba. Katikati paling'aa, na pembe zote nne zilikuwa nyeusi tii.

Airudishe sandukuni? Hakuna aliyemwona. Saa kumi kasorobo shangazi angeifunga mwenyewe, angeona pembe zile, na wa kwanza kulaumiwa angekuwa mwenye duka. Si ndiye aliyeapa? Yeye Chapuchapu angesema tu kwamba jana ilikuwa nzima. Nani angebisha? Hata mkono wake ulishaanza kuifungua lenzi.

Ndipo akasikia sauti ya fundi nje, akimweleza shangazi jinsi alivyofundishwa na baba yake kuliwasha tanuru lile. Sauti ya mzee ilikatika katikati ya maneno, na shangazi akamsubiri. Chapuchapu aliona haya iliyomchoma kuliko moto. Akaiacha lenzi pale pale, akatoka nje.

"Shangazi, njoo uone."

"Nini tena?"

"Ya upana haifai. Pembe zake ni nyeusi." Akaendelea: "Jana sikuzitazama. Nilitazama katikati tu, nikaandika vema zote nikaenda kucheza."

Shangazi aliweka sahani chini. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Aliingia ndani, akainama kwenye kamera, akazikagua pembe moja moja.

"Tukaibadilishe dukani?" aliuliza kijana wa sauti.

"Kwenda tu ni saa moja na nusu. Tukirudi, tanuru limeshazimwa."

"Si unaweza kuiambia kamera ikate pembe?"

"Nikikata pembe, na upana nao umekatika. Itakuwa sawasawa na kutumia ile ya kati, na ya kati humu ndani haimwoni mzee na tanuru kwa pamoja. Ningehitaji kurudi nyuma hatua nne." Shangazi alitazama nyuma. Nyuma yake palikuwa na ukuta, na kwenye ukuta lile dirisha la nondo.

"Mzee," alisema polepole, "nondo hizi zinatoka?"

Fundi alizishika, akazitikisa. "Fremu ina skrubu nane, na zote zimeshika kutu. Kwa haraka haraka hazitoki. Kwa saa nzima, labda."

Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na dakika ishirini.

Walianza. Fundi alitia mafuta kwenye skrubu, kijana wa sauti akashika bisibisi, na Chapuchapu akapewa brashi ya waya asugue kutu. Alisugua mpaka vidole vikachubuka. Skrubu ya tano ilikatika kichwa, na ikabidi fundi aitoe kwa patasi, pigo la nyundo baada ya pigo. Saa tisa na nusu zilibaki mbili. Hakuna aliyemtazama Chapuchapu. Saa kumi kasoro dakika tano fremu iling'oka kwa kishindo, kutu ikawamwagikia kichwani.

Shangazi alisimamisha kamera nje ya dirisha na lenzi ya kati. Akafungua tundu lote la lenzi ili mwanga uingie, akazungusha pete yake mpaka picha ikakaa wazi, akanyanyua kidole. Ndani, fundi alipuliza chombo chake cha mwisho, kikavimba chekundu mwishoni mwa bomba. Alikiweka kando kipoe. Kisha akafunga valvu ya gesi. Ngurumo ikafifia, mwanga ukapanda ukutani kwa mara ya mwisho, ukashuka. Mzee alibaki amesimama katika wekundu uliobaki, na kamera ikamwona yeye na tanuru lake pamoja.

Chapuchapu alilia. Shangazi alimkuta ameketi juu ya fremu ya dirisha.

"Mwanangu, vema si mchoro wa kalamu," alisema akiketi kando yake. "Ukiiweka, unaniambia kwamba macho yako yamefika pale, na mimi naacha kutazama. Jana uliandika vema lakini hukufanya vema. Kwa hilo umenikosea, na umemkosea mzee wa watu."

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe. Tena nikuambie jambo la pili, maana nalo ni haki yako. Skrubu zile zilitaka saa moja na nusu. Ungenyamaza mpaka saa kumi kasorobo, picha ile isingekuwapo. Ukweli wako ulichelewa, lakini ulifika na muda wa kutengeneza ukiwa bado upo."

Chapuchapu alifuta kamasi kwa mkono wenye kutu. "Na nikikosa tena?"

"Kukosa utakosa, kama mimi. Ila siku utakapokosa, mtu wa kwanza kujua niwe mimi."

"Hata kama umekasirika?"

"Hasa kama nimekasirika," alisema shangazi, akasimama, akampa bisibisi. "Haya, turudishe dirisha la watu."