Wasifu Uliobandikwa Ukutani

"Dada, nishikie hapo juu isije ikakaa upande," alisema katibu, vidole vyote gundi.

Mwalimu wa Insha akashika pembe ya karatasi, macho yakaanza kusoma hata kabla hajayaruhusu. Ulikuwa ubao wa wasifu wa walimu, mlangoni mwa ile programu ya Kiingereza ya chuo kikuu, ambako wanafunzi hupikwa miezi minne kabla ya kuanza shahada. Kila muhula walimu huandika upya walikotoka. Karatasi aliyoishika ilikuwa na picha ya mchumba wake, mwalimu wa mazungumzo, ambaye kwa ile sauti yake nzito wanafunzi walimbatiza Redio.

"Nilijifunza Kiingereza kwenye kibanda cha mama yangu, fundi cherehani," ilisema karatasi. "Alikata magazeti ya zamani kuwa vipande vya kupimia nguo. Nilisoma habari zilizoishia begani au kwenye kola, na mwisho wake nikautunga mwenyewe. Mama hakuishi kuniona nikiwa mwalimu."

"Hii imemliza Mkuu," alisema katibu. "Ameagiza iwe ya kwanza. Yako ndiyo ile ya mwisho, mistari miwili tu. Kwani wewe dada hukuzaliwa mahali?"

Aliiachia pembe ya karatasi. Mate yalimjaa mdomoni kama mtu aliyetafuna mkate akakuta nzi.

Kibanda hicho alikijua. Kilikuwa cha mama yake yeye. Mama aliye hai, ambaye asubuhi hiyo alimwacha ameinamia suti ya harusi ya huyo huyo Redio. Harusi ilibakiza wiki tatu.

Alimkuta kwenye chumba cha walimu, anachovya biskuti kwenye chai.

"Umeiona?" Redio akatabasamu. "Nilitaka nikuambie mwenyewe."

"Ni wewe uliyenikataza kuandika habari za cherehani. Ulisema wanafunzi wataniona mtu wa kuokotwa."

"Wewe ndiyo. Mwanamke akisema hivyo anaonewa huruma. Mwanaume akisema, anaitwa mpambanaji. Halafu hukuwa unaitumia, mpenzi. Ilikaa tu."

"Kama kiporo?"

"Usikasirike, mama. Sisi si mwili mmoja? Mkuu anatafuta msaidizi. Nikipata, tumepata wote."

"Kwenu alikuwa anakuja mwalimu nyumbani, na dereva wa kumrudisha."

"Sasa nani atalia kwa hilo?"

"Na mama yangu umemuua."

"Ah, ule ni mstari wa kufungia tu. Hata hivyo hasomi Kiingereza. Atajuaje?"

Akanyoosha mkono amguse shavu. Mkono ule aliupenda miaka miwili. Leo aliuona una mafuta ya biskuti, akaona na kucha, akarudisha uso nyuma kabla haujamfikia.

Hakuwa mtu wa kuhukumu haraka. "Mchana ni Siku ya Kujuana," akasema. "Simama useme ukweli kwa kinywa chako. Nitakusubiri."

"Nitaona," Redio akamkonyeza.

Mchana ukumbi ulijaa. Desturi ya pale ni kwamba kila mwalimu husoma wasifu wake, kisha wanafunzi wapya wanamuuliza swali moja. Redio alisoma. Sauti ilimkatika palepale pa mama kufa, ikarudi kwa wakati wake. Mkuu akatoa leso.

Mwanafunzi mmoja, mama wa makamo, akasimama.

"Pole kwa msiba, Mwalimu. Mimi pia ni fundi, nimeshona miaka ishirini. Lile gazeti, mama alikuwa analishikiza vipi kwenye kitambaa lisiteleze?"

Redio akakohoa. "Tulitumia... gundi. Kidogo tu."

"Gundi? Kwenye kitambaa cha mteja?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Redio naye akacheka, jasho likimshuka, kisha akanyoosha kidole nyuma. "Mwenzangu pale atawafafanulia. Nimemsimulia sana hayo mambo."

Alikuwa amemsubiri aseme kweli, na hiki ndicho alicholetewa. Mwalimu wa Insha akasimama.

"Ni pini," alisema polepole. "Nilikuwa nazibana mdomoni, nampa moja moja. Fundi huyo ni mama yangu mimi. Hajafa. Hata sasa yuko kazini."

Kicheko kikakatika. Mkuu alikunja leso, akairudisha mfukoni.

Mwalimu wa Insha alipokuwa anang'oa ile karatasi ukutani, simu yake ikalia. Ujumbe wa Redio: "Umenivua nguo mbele za watu. Ndiyo mapenzi hayo? Naenda kwa Mama, yeye ana utu."

Alipofika kibandani, Redio alikuwa amesimama katikati ya vipande vya magazeti, amevaa koti lenye mkono mmoja. Mama alikuwa akimpima, pini mdomoni.

"Mwenzio anasema mmekwaruzana kidogo," alisema mama kwa pembe ya mdomo. "Kuna nini?"

"Ameandika habari za maisha yake, Mama. Nikusomee?"

"Hakuna haja, Mama ana kazi," Redio akadakia.

"Nisomee."

Akafungua karatasi, gundi bado inanata nyuma, akawa anageuza mstari kwa mstari kwa Kiswahili. Kwenye mstari wa kibanda mama akamtazama Redio. Kwenye ule wa magazeti akaacha kupima. Kabla ya mstari wa mwisho binti akaikunja karatasi.

"Mbona umeishia begani?" aliuliza mama. "Malizia, mwanangu."

"Anasema huyo mama... alishakufa."

Mama alitoa pini mdomoni, moja, ya pili, ya tatu, akazichomeka kwenye kimto chake.

"Ni maandishi tu, Mama," Redio alisema. Ile sauti nzito ilikuwa imekuwa nyembamba. "Nisamehe. Ni shetani."

Binti alivua pete, akaitumbukiza kwenye mfuko wa koti alilovaa Redio. Alihakikisha vidole vyake havimgusi.

"Itoe hapo mwenyewe," akamwambia, "maana koti linabaki."

"Mama, msemeshe mwanao! Wiki tatu zimebaki, na mkono mmoja bado!"

"Vua, baba, taratibu usichane," alisema mama, akizima taa ya cherehani. "Maiti hashoni."